Jinsi ya Kupima Kauli za Ligi za Marekani Kuhusu Kuhalalisha Kubeti

Mnamo Novemba 2014 ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ilisimama mahali patatu kwa wakati mmoja. Mahakamani ilikuwa miongoni mwa walalamikaji waliolishtaki jimbo la New Jersey ili lisiruhusu watu kubeti michezo. Sokoni ilitangaza mkataba na FanDuel, kampuni ambayo wakati huo iliendesha mashindano ya kila siku ya timu za kubuni kwa pesa (mtu hujiundia timu ya wachezaji halisi na kushindania takwimu zao), na mkataba huo uliipa ligi hisa. Siku iliyofuata kamishna wake, Adam Silver, alichapisha maoni katika gazeti la New York Times akitaka kubeti kuhalalishwe na kusimamiwa kwa sheria ya shirikisho. Kabla mwezi haujaisha, jaji wa shirikisho alikuwa ameizuia New Jersey, kama ligi zilivyoomba.

Anayesoma habari hizo moja moja ataona ligi yenye hofu, kisha ligi ya kibiashara, kisha ligi yenye mawazo mapya. Anayezisoma kwa pamoja ataona kwamba msimamo ulikuwa mmoja tangu mwanzo: ligi ilitaka iwe na kauli ya mwisho juu ya nani atapata pesa kutokana na mchezo wake. Nimefuatilia mjadala huu kwa muda mrefu, na ninaamini kwamba raia wengi wanapotoshwa kwa sababu hukubali kauli za ligi kama ushauri wa mlezi wa mchezo, ilhali zinatolewa na mtu aliye mezani akidai fungu lake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipima kauli hizo, iwe ni barua kwa bunge la jimbo, tangazo la kura ya maoni, au maelezo ya kamishna baada ya kashfa.

Anza na tarehe

Kabla ya kuingia kwenye hoja, andika mwaka ambao kauli ilitolewa, kwa sababu ligi ileile imesema mambo yanayopingana kulingana na sheria iliyokuwapo.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kwa kifupi kama PASPA, na Rais George H. W. Bush akaitia saini. Iliyakataza majimbo kuruhusu kubeti michezo, isipokuwa yale machache yaliyokuwa na utaratibu huo tayari: Nevada kwa upana wake wote, na Delaware, Montana na Oregon kwa namna zenye mipaka. Mtetezi wake mkuu alikuwa Bill Bradley, seneta wa New Jersey ambaye aliwahi kuwa mchezaji wa New York Knicks. Kuna kipengele kimoja cha sheria hiyo ambacho hutajwa kwa nadra, nacho ni kwamba ligi zenyewe zilipewa haki ya kwenda mahakamani kuitekeleza. Kwa kawaida ni serikali inayosimamia katazo la serikali. Hapa rungu lilikabidhiwa pia kwa wenye mchezo.

Walilitumia. Wapiga kura wa New Jersey walikubali kubeti mwaka 2011, Gavana Chris Christie akatia saini sheria mwaka 2012, na mwaka huohuo NFL ya futiboli ya Kimarekani, NBA, MLB ya besiboli, NHL ya hoki ya barafuni na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, zikashtaki kwa pamoja. Katika ushahidi wa kiapo wa kesi hiyo, kamishna wa NFL, Roger Goodell, aliiweka kamari juu kabisa ya orodha ya mambo yanayotishia uadilifu wa mchezo. Miaka mitano baadaye, Machi 2017, wenye timu wa ligi hiyohiyo walipiga kura 31 kwa 1 kuiruhusu timu ya Raiders ihamie Las Vegas, jiji la kamari la Nevada, huku kesi ikiendelea.

Tarehe ya tatu ya kukumbuka ni 14 Mei 2018, siku Mahakama ya Juu ilipoiangusha PASPA katika kesi ya Murphy dhidi ya NCAA. Hapa ningependa msomaji awe mwangalifu, maana kuna kosa linalorudiwa kila siku: husemwa kwamba Mahakama ya Juu ilihalalisha kubeti. Haikufanya hivyo. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito ilisema kwamba Katiba hailipatii Bunge la shirikisho mamlaka ya kuyaamuru mabunge ya majimbo yapitishe au yasipitishe sheria gani. Bunge likitaka kusimamia kubeti lenyewe, linaweza. Lisipotaka, kila jimbo liko huru kuamua. Ndiyo maana mjadala haukwisha siku ile, bali uligawanyika na kuhamia katika kila jimbo, na ndiyo maana ligi zililazimika kutuma mawakili na washawishi wao huko kote.

Mwezi mmoja kamili baada ya hukumu, tarehe 14 Juni, gavana mpya wa New Jersey, Phil Murphy, aliweka beti ya kwanza katika uwanja wa mbio za farasi wa Monmouth Park. Tarehe 31 Julai NBA ilitangaza ubia na kampuni ya kasino ya MGM. Kati ya kushindwa kwake mahakamani na mkataba huo zilipita siku 78. NFL ilichukua muda mrefu zaidi, lakini Aprili 2021 iliwatangaza Caesars, DraftKings na FanDuel kuwa washirika wake rasmi wa kubeti, na Februari 2024 fainali yake kuu ya Super Bowl ilichezwa Las Vegas kwenyewe.

Ukikutana na kauli ya 2012 iliyowekwa kando ya kauli ya 2021, usiishie kusema kwamba hawa ni wanafiki. Hilo ni rahisi na halikufundishi kitu. Jiulize ni nini kilibadilika katikati: je, hatari ya kupanga matokeo ilipungua, au mlango wa kulipwa ulifunguka?

Chora mifuko

Chukua karatasi, andika jina la ligi juu, kisha orodhesha chini yake kila njia ambayo beti moja inaweza kugeuka kuwa pesa kwa ligi hiyo. Kwa uzoefu wangu, kazi hii ya dakika kumi inafafanua mengi kuliko kurasa nyingi za maoni.

Mfuko wa kwanza ni udhamini, nao unaonekana na kila mtu kwa sababu nembo iko kwenye skrini. Wa pili ni takwimu. Mtu anapobeti mchezo ukiwa unaendelea, kampuni inahitaji kujua ndani ya sekunde chache kwamba mpira umeingia wavuni, na ligi huuza habari hiyo kama takwimu rasmi kupitia kampuni kama Sportradar na Genius Sports. Wa tatu ni hisa, nao ndio unaosahaulika zaidi: katika mikataba ya takwimu ya mwaka 2021, NFL ilipata umiliki katika Genius Sports na NBA ikapata katika Sportradar. Maana yake ni kwamba ligi haifaidiki tu kwa kuuza takwimu leo. Inafaidika pia soko lote la kubeti likikua, kwa kuwa thamani ya kampuni inayoyahudumia makampuni ya kubeti hukua pamoja nalo. Wa nne ni watazamaji, kwani aliyeweka dau hazimi televisheni timu moja inapoongoza kwa pointi ishirini. Usisahau pia wenye timu binafsi: kabla ya 2018 Jerry Jones wa Dallas Cowboys na Robert Kraft wa New England Patriots walikuwa tayari na hisa katika DraftKings, ingawa wakati huo nayo ilikuwa kampuni ya timu za kubuni.

Ukimaliza kuchora, angalia ni mfuko upi unategemea wingi wa beti, na upi unategemea usafi wa mchezo. Ligi inahitaji vyote viwili, na mgongano wa maslahi umekaa hapohapo. Mashabiki wakiamini kwamba mchezo umeuzwa, bidhaa imekufa. Lakini kila beti inayopunguzwa kwa ajili ya usafi huo inatoa kitu mfukoni.

Fanya hesabu ya tiketi moja

Januari 2018, kabla hata hukumu haijatoka, wakili wa NBA alifika mbele ya kamati ya Seneti ya jimbo la New York na kueleza sheria ambayo ligi ingeiunga mkono. Moja ya masharti ilikuwa kwamba kampuni za kubeti zilipe ligi asilimia 1 ya pesa zote zinazowekwa. Malipo hayo yalipewa jina la ada ya uadilifu. Asilimia 1 inasikika kama chenji, na wengi waliipokea hivyo. Ili kuona uzito wake, tuifuate tiketi.

Tuseme watu wawili wanabeti mchezo mmoja, kila mmoja upande wake, kwa bei ya kawaida ya Marekani ambapo unaweka dola 110 ili upate faida ya dola 100. Kampuni inakusanya dola 220. Mchezo ukiisha, aliyeshinda anarudishiwa dola 110 zake pamoja na faida ya 100, jumla dola 210. Kampuni inabaki na dola 10, yaani kama asilimia 4.5 ya kilichowekwa. Kumbuka namba hizi mbili, 220 na 10, kwa sababu karibu kila udanganyifu wa kihesabu katika mjadala huu unatokana na mtu kuzichanganya.

Asilimia 1 ambayo NBA iliomba ilikuwa ya zile 220, si ya zile 10. Ni dola 2.20, ambayo ni asilimia 22 ya kila kinachobaki kwa kampuni kabla haijalipa mshahara wala kodi. Jimbo la Nevada linatoza asilimia 6.75 ya mapato ya kampuni, kwa hiyo kwa tiketi hiyohiyo lingepata chini ya senti 68. Serikali ya shirikisho inatoza robo ya asilimia 1 ya pesa zilizowekwa, ambayo ni senti 55. Ligi ilikuwa ikiomba zaidi ya mara tatu ya kile ambacho jimbo la Nevada lingepata, na hayo yangelipwa hata katika usiku ambao kampuni imepata hasara, maana hesabu inaanzia kwenye dau, si kwenye faida. New York nayo baadaye ilichagua kutoza asilimia 51 ya mapato ya kubeti kwa simu, yaani dola 5.10 kati ya zile 10. Katika jimbo kama hilo, ada ya ligi ikiongezwa juu yake, kampuni ingebakiwa na dola 2.15 tu baada ya kodi ya shirikisho.

Sisemi kwamba ligi haina gharama. Kufuatilia mienendo ya beti, kuwahoji wachezaji na kuwaelimisha waamuzi kunahitaji pesa na watu. Lakini gharama ya ulinzi haipandi kila beti inapoongezeka kwa dola, ilhali ada iliyoombwa ingepanda. Malipo yanayopanda hivyo yana jina lake katika Kiswahili, nalo ni mrabaha, na baadaye ligi zenyewe zilianza kuyaita hivyo. Majimbo yaliyopitisha sheria hayakuikubali ada hiyo. Ligi zikabadili njia, na mwaka 2019 Tennessee na Illinois zikaweka sharti kwamba baadhi ya beti za mchezo unaoendelea zitumie takwimu rasmi. Kwa hiyo ukikuta maneno "takwimu rasmi" katika muswada, simama hapo. Ni ombi lilelile lililorudi kwa mlango mwingine. Lina hoja ya kweli ndani yake, kwani takwimu zilizochelewa zinaweza kumdhulumu anayebeti, lakini limemgeuza muuzaji mmoja kuwa wa lazima kwa amri ya sheria.

Kila namba iulize ni ya pesa zipi

Watetezi wa kuhalalisha wameegemea sana ukubwa wa soko haramu. Silver katika makala yake ya 2014 alitaja makadirio ya karibu dola bilioni 400 kwa mwaka. Chama cha wenye kasino kilipenda kutaja bilioni 150. Tume ya kitaifa iliyochunguza athari za kamari ilikuwa imeripoti mwaka 1999 makadirio ya kuanzia bilioni 80 hadi 380. Kipimo kinachoruka kutoka 80 hadi 380 hakistahili kuitwa kipimo. Hakuna bukimeka, yaani mpokea beti, wa chini kwa chini anayepeleka vitabu vyake kwa mkaguzi, hivyo namba hizo zichukuliwe kama ushahidi kwamba soko lipo na ni kubwa, basi.

Zaidi ya hapo, zote ni namba za aina ya 220. Mwanasiasa akisema kwamba jimbo lake linapoteza mabilioni yanayobetiwa nje, gawanya kwanza ili upate kinachobaki kwa kampuni, kisha toza kiwango cha kodi kilicho katika muswada. Mabilioni yatageuka mamilioni mbele ya macho yako. Huenda mamilioni hayo bado yanafaa kujenga shule. Lakini jimbo linapaswa kuamua likiwa linajua ni kiasi gani hasa.

Itazame beti yenyewe

Tarehe 26 Januari 2024, Jontay Porter wa Toronto Raptors aliingia uwanjani dhidi ya Los Angeles Clippers, akacheza dakika kama nne, akatoka akilalamikia jicho. Tarehe 20 Machi, dhidi ya Sacramento Kings, alicheza dakika zisizofika tatu na kutoka akisema anaumwa. Porter hakuwa nyota. Alikuwa na mkataba wa pande mbili, wa mchezaji anayegawa muda wake kati ya timu kubwa na ligi ya chini, mwenye mshahara mdogo kwa viwango vya NBA, na kama ilivyokuja kujulikana alikuwa na madeni ya kamari. Hakuhitaji kuifanya timu yake ishindwe, wala kumhusisha mchezaji mwenzake yeyote. Alichotakiwa kufanya ni kukaa benchi, ili pointi na ribaundi zake (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa) zibaki chini ya namba iliyotangazwa. Kabla ya mchezo wa Machi mtu mmoja aliweka mkeka wa dola 80,000 ambao ungemlipa dola milioni 1.1 iwapo Porter angefanya vibaya katika vipengele kadhaa kwa pamoja. Kampuni ilishtuka, ikauzuia mkeka huo, na tarehe 17 Aprili NBA ikamfungia Porter maisha.

Fikiria ni kwa nini kosa lilitokea mahali hapo hasa. Matokeo ya mchezo mzima yanalindwa na watu wengi: wachezaji kumi uwanjani, makocha, waamuzi, maelfu ya macho. Idadi ya ribaundi za mchezaji wa akiba inalindwa na yeye peke yake. Kadiri beti inavyokuwa ndogo na inavyomhusu mtu mmoja, ndivyo inavyokuwa rahisi kununuliwa. Basi ukitaka kujua kama ligi inasema kweli kuhusu uadilifu, acha maneno yake ya jumla na uulize ni beti zipi imeomba ziondolewe.

Kwa NBA jibu lipo: kuanzia msimu wa 2024–25 kampuni washirika zilikubali kutotoa beti za "chini ya" kwa wachezaji wenye mikataba ya pande mbili na ile ya siku kumi. Hilo ni jambo la kweli, nami nalihesabia ligi kama hatua njema. Lakini beti za nyota zilibaki, na beti za "juu ya" zilibaki. Besiboli ilifuata mkondo huohuo baada ya warushaji wawili wa Cleveland Guardians kushtakiwa Novemba 2025 kwa madai ya kupanga baadhi ya mirusho, mashtaka ambayo waliyakana: MLB ilikubaliana na kampuni kwamba beti ya mrusho mmoja isizidi dola 200 na isiingizwe kwenye mkeka. Haikufutwa, iliwekewa ukomo.

Kwa nini zisifutwe tu? Rudi kwenye tiketi. Katika beti moja ya kawaida kampuni hubaki na kama asilimia 4.5. Mkeka wa beti nne za aina hiyo, zisizotegemeana, huzidisha makato hayo hadi karibu asilimia 17. Beti za mchezaji mmoja mmoja ndizo ukindu unaosukiwa mikeka hiyo, na ndizo zinazomfanya mtazamaji ashike simu kila dakika. Beti zilizo rahisi kuuzwa na beti zenye faida nono zimekaa kwenye kapu moja, na pendekezo lolote la ligi linapaswa kupimwa kwa jinsi linavyolishughulikia kapu hilo.

Mwenye maslahi anaweza kuwa na hoja

Ningekosa haki kama ningekuacha ukidhani kwamba ukishaonyesha mfuko umemaliza kazi. Mtu mwenye maslahi anaweza kusema kweli, na hoja yake inastahili kupimwa kama hoja.

Hoja kuu ya ligi leo ni kwamba soko halali linaonekana, na kinachoonekana kinaweza kukamatwa. Mkasa wa Porter unaipa nguvu, kwa kuwa ni kampuni yenye leseni iliyouona mkeka usio wa kawaida na kuuzuia. Unaipa nguvu pia mkasa wa mwamuzi Tim Donaghy, aliyebainika mwaka 2007 kuwa alibeti na kutoa habari za michezo aliyoichezesha, wakati kubeti kulikuwa kumepigwa marufuku karibu kote. Uchunguzi wa FBI uliohusu mambo mengine ndio uliomgundua, si ligi. Upande wa pili wa mizani, beti iliyomtega Porter ilikuwa bidhaa halali iliyotangazwa na kuuzwa kwa idhini. Soko halali liliitengeneza fursa, kisha likamkamata aliyeitumia. Na mkasa wa Ippei Mizuhara, mkalimani wa Shohei Ohtani aliyeiba karibu dola milioni 17 kulipia kamari na kuhukumiwa miezi 57 jela mwaka 2025, hutajwa na pande zote: wapinzani husema tazameni uraibu, watetezi husema bukimeka wake alikuwa haramu, katika California isiyoruhusu kubeti. Wote wawili wana haki ya kuutaja, na hakuna anayeweza kuufanya umalize mjadala.

Kwa upande wangu, naikubali hoja ya soko linaloonekana kwa beti za matokeo ya mchezo, na siikubali kwa beti za tukio moja. Msomaji anaweza kufikia hukumu tofauti, mradi aipime kila aina ya beti peke yake.

Mtafute ambaye hakutajwa

Soma tena barua ya ligi, mara hii ukitafuta neno moja tu: anayebeti. Mara nyingi utakuta mchezo, shabiki, uadilifu, ubunifu na mapato ya jimbo, na humkuti mtu aliyemaliza mshahara wake. Kukosekana kwake kuna sababu. Ukurasa wa mifuko uliouchora hauna mfuko unaojazwa na mtu anayepunguza kubeti.

Mwaka 2024 watafiti waliolinganisha majimbo yaliyoruhusu kubeti na yale ambayo hayakuruhusu waliona kwamba, pale ambapo kubeti kwa intaneti kulikubaliwa, wastani wa alama za kukopesheka ulishuka na kufilisika kukaongezeka. Utafiti mwingine wa mwaka huo uliona familia zikipunguza pesa walizokuwa wakiweka kwenye uwekezaji. Wanasiasa wawili, Seneta Richard Blumenthal na Mbunge Paul Tonko, walipeleka muswada uitwao SAFE Bet Act ambao ungekataza matangazo ya kubeti wakati mchezo unarushwa moja kwa moja, ungezuia kuweka pesa kwa kadi za mkopo, na ungeweka ukomo wa mara tano za kuweka pesa ndani ya saa 24. Huu ni mtihani mzuri. Ligi inayosema inajali ubetaji wa kuwajibika iulizwe ina msimamo gani juu ya kila sharti kati ya hayo matatu, moja baada ya jingine.

Wachezaji nao huachwa nje. NCAA, kupitia rais wake Charlie Baker, iliomba mwaka 2024 kwamba beti za mchezaji mmoja mmoja wa chuo zipigwe marufuku, ikitaja vijana wanaotukanwa na kutishwa na watu waliopoteza dau, na majimbo kama Ohio na Maryland yaliitikia. Mwaka uliofuata chama hichohicho kiliruhusu takwimu rasmi za mashindano yake ya mwisho wa msimu ziuzwe kwa kampuni za kubeti kupitia Genius Sports. Weka matukio hayo mawili kwenye karatasi yako, moja kila upande, bila kulifuta lolote.

Jizoeze

Mazoezi mazuri ni kura za majimbo. California mwaka 2022 ilikuwa na mapendekezo mawili yaliyoshindana, Pendekezo la 26 na la 27, na pande zote kwa jumla zilitumia zaidi ya dola milioni 400. Pendekezo la 27, la kubeti kwa simu, lilitangazwa kwa wapiga kura kama suluhisho la tatizo la watu wasio na makazi, na MLB ililiunga mkono hadharani. Karibu asilimia 82 walilikataa. Missouri mwaka 2024 timu za jimbo hilo zenyewe zilisukuma pendekezo, kampeni ikazungumza kuhusu elimu na kugharimiwa na DraftKings na FanDuel, na likapita kwa tofauti isiyofika kura 3,000 kati ya karibu milioni 3. Chukua tangazo lolote la kampeni hizo na utafute sentensi inayotaja timu au ligi itapata nini. Usipoiona, umepata swali la kuuliza.

Zoezi gumu zaidi limeletwa na masoko ya utabiri. Mwaka 2025 kampuni kama Kalshi zilianza kuuza mikataba juu ya matokeo ya michezo chini ya usimamizi wa tume ya shirikisho inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa za baadaye, bila leseni za kamari za majimbo, hivyo zikawafikia hata watu wa California na Texas. Mwaka huo MLB na NBA ziliiandikia tume hiyo zikieleza wasiwasi kuhusu uadilifu. Mwezi Oktoba NHL ikasaini ubia na Kalshi na Polymarket, kampuni nyingine ya aina hiyo. Barua hizo na mkataba huo visome ukiwa na karatasi ya mifuko kando yako. Angalia mahali ligi inapoomba mikataba ya aina fulani iondolewe kwa sababu mtu mmoja anaweza kuiamua, na mahali inapoomba wauzaji wapya wafungwe na masharti yaleyale ya takwimu ambayo kampuni za zamani tayari zinayalipia. Ombi la kwanza linaulinda mchezo na la pili linalinda bei, na mara nyingi utayakuta katika aya moja, chini ya neno lilelile la uadilifu.